Aliyeitika Chumba cha Nyuma

"Kitinda!"

"Abee, mama."

Mama Pazia aliita bila kuinua macho kwenye cherehani, kama alivyozoea. Mguu ulikuwa umeshakanyaga pedali tena ndipo akili ikamfikia kwamba sauti ile imetoka chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma hakikuwa na mtu tangu mama mkwe wake azikwe.

Akajiambia ni masikio. Nani asingesikia mambo ndani ya nyumba yenye kelele kama ile? Na kelele zenyewe zilikuwa na mwenyewe, mumewe wa ndoa, fundi wa kutundika televisheni kwenye kuta za watu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Ukuta. Mteja akinunua mpya, humwachia fundi ya zamani, na Fundi Ukuta hajui kukataa. Ya kwanza aliiweka sebuleni. Ya pili ikaenda chumba cha watoto, eti wasigombanie rimoti. Ya tatu jikoni, eti mke wake asipike na upweke, utadhani kuna mtu alimlilia upweke. Nyingine akampelekea mama yake chumba cha nyuma, apate wa kumchangamsha. Kilichobaki ni choo, na siku moja Mama Pazia alimkuta humo na futi mkononi, anapima ukuta.

Alicheka siku ile. Baadaye kicheko kilimtoka kabisa.

Mama mkwe alikufa mchana, jua linawaka, watu wamo ndani. Mama Pazia alikuwa amekwenda kwa mteja kumfungia mapazia. Aliporudi alimkuta mumewe sebuleni na mpira wake, watoto chumbani na katuni zao, na yule mama kaanguka kati ya kitanda na mlango, mkono umenyooka kuelekea mlangoni, huku televisheni juu yake ikicheka peke yake.

"Nilidhani ametulia," Fundi Ukuta alisema.

Ametulia! Neno hilo lilimkaa Mama Pazia kooni mpaka leo. Alimlilia mama mkwe wake kuliko mwanawe alivyomlilia, na kila alipomwona mume yule amejilaza mbele ya kioo, alitamani kumrushia pasi ya mkaa.

Kitinda, mtoto wake wa mwisho, alikuwa na pumu. Ndiyo maana mama yake alimwita kila baada ya muda akiwa pale barazani, kitambaa cha watu kimemjaa mapajani, hawezi kuinuka ovyo. Mtoto akiitika, mama anajua anapumua. Hiyo ndiyo ilikuwa amani yake yote.

Siku hiyo, baada ya kujiambia ni masikio, aliita tena, akajibiwa. "Abee, mama. Nipo."

Akashona upindo mzima. Akaita tena.

"Abee, mama. Nipo."

Sauti ilikuwa tamu, ya mtoto mwenye adabu zake. Ila ilikuwa ileile. Urefu uleule, pumzi ileile, kama mtu anayerudia kitu alichokikariri. Mama Pazia alisimamisha cherehani. Kutoka ukumbini ilimfikia harufu ya vumbi lililopata moto nyuma ya kioo, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine aliyoijua vizuri, dawa ya kuchua ya mama mkwe wake, ambayo chupa yake aliitupa kwa mkono wake mwenyewe. Akatupa kitambaa chini na kukimbilia jikoni, kwa sababu jikoni ndiko alikomtuma mtoto, na huko alimkuta Kitinda yuko sakafuni, midomo imekuwa ya zambarau, kucha zinakwaruza mguu wa kabati, pampu yake ya pumu imebingirika chini ya jiko, na kwenye televisheni ya jikoni mwanamke fulani anaeleza namna ya kung'arisha sakafu.

Aliichomoa pampu, akamwekea mdomoni, akabonyeza, akabonyeza tena. Pumzi ikarudi kwa taabu. Mtoto akiwa bado kwenye mikono yake, pampu ingali mdomoni, chumba cha nyuma kikasema, "Abee, mama. Nipo."

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke mnene mwenye hasira za karibu. Hakufika na mkoba wala unga wa kufukiza. Alisimama katikati ya ukumbi akitazama vioo kimoja baada ya kingine, na uso ukazidi kukunjamana.

"Zimeni haya madude," alisema kwa sauti ya chini.

Yakazimwa. Nyumba ikawa kimya hata friji ikasikika.

"Nani alikufa humu huku anaita?"

Kaka, mtoto wao mkubwa, alitazama vidole vya miguu yake. Fundi Ukuta akanong'ona, "Mama yangu. Lakini mimi sikumsikia."

"Wewe hukumsikia. Kuna aliyemsikia."

Mama Pazia akamvuta Kitinda karibu. "Ni nani, dada yangu?"

"Mtu akiita na wa kwake wasiitike, kuna wapitao. Huyu jini hakuvunja mlango wenu. Aliitwa, akaitika, akaona hapa pana kazi. Nikimfukuza leo, kesho atarudi, maana kazi yenyewe mmemwachia."

"Sasa tufanyeje?"

"Mnyang'anyeni kazi. Kila anayeitwa ndani ya nyumba hii aitike mwenyewe, halafu anyanyuke aende. Yeye ni wa kuitika tu, haji kamwe. Sauti yoyote anaiweza. Kwa hiyo msisikilize sauti. Sikilizeni miguu."

Kabla hajatoka alimgeukia Fundi Ukuta. "Na wewe, aibu ikukamate."

Televisheni zikashushwa, zikafungiwa stoo. Siku za mwanzo zilikuwa za kutisha. Ukiita mtu, abee zinakuja mbili, moja na vishindo vya kandambili ukumbini, nyingine imesimama palepale. Walikuwa wakikimbia. Kaka akiitwa anaruka na sabuni mwilini. Baba mtu akiitwa anakuja na kijiko mdomoni. Polepole sauti ya pili ikafifia, harufu ikaondoka, na jambo ambalo hawakulitarajia likatokea: wakaanza kuongea. Kitinda akawa anaketi barazani anamshikia mama yake pindo la kitambaa, anapiga soga mpaka anakohoa kwa kucheka. Mama Pazia akakaribia kumsamehe mumewe. Karibu tu.

Kisha Fundi Ukuta akarudi nyumbani na televisheni moja kubwa, pana kama mlango.

"Ya fainali tu, mke wangu. Mpira ukiisha inaondoka."

Mpira ukaisha. Kioo hakikuondoka. Ya watoto ikatoka stoo, ya jikoni ikafuata. Mama Pazia alisimama mbele ya ile kubwa akafoka, akawakumbusha sakafu ya jikoni, akawakumbusha mkono ulionyooka kuelekea mlangoni. Wote walikuwa wanamtazama, au ndivyo alivyodhani.

"Mama," Kaka akasema kwa upole, "pisha kidogo hapo."

Jambo hilo lilimchoma hadi kwenye mfupa. Alitoka sebuleni, akasimama ukumbini, karibu kabisa na mlango wa chumba cha nyuma, na hasira ikamtoa maneno ambayo mtu mwenye akili zake asingeyasema mahali pale.

"Haya! Kuanzia leo asiniite mtu. Mkiniita siitiki. Aitike anayependa kuitika!"

Harufu ya vumbi la moto ilikuwapo. Aliisikia, akaipuuza, kwa jinsi alivyofura.

Akasusa kwelikweli. Wakimwita, kimya. Jioni moja, jua bado halijazama, Fundi Ukuta akaamua chumba cha nyuma kisikae bure. Sebuleni akaweka nyingine ya zamani, ile kubwa akaipeleka chumba cha nyuma na kupanda nayo ngazi, akiwa bado hajaikaza hata bolti moja. Kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja anabeba uzito, mwingine anakaza.

"Mama Kitinda! Njoo unishikie huku!"

Barazani, Mama Pazia akakanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

"Mama Kitinda! Inaniteleza, jamani!"

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akaufunga. Azitume televisheni zake zikamshikie, alijiambia, na ndipo alipojisikia mwenyewe, sauti yake kabisa, laini jinsi ambavyo hakuwa amezungumza na mumewe kwa muda mrefu, ikisema kutoka chumba cha nyuma, "Abee, mume wangu."

"Aa, umefika? Shika hapo chini."

"Nimeshika," ikasema sauti yake. "Achia."

Aliinuka akipiga kelele usiachie, usiachie si mimi, na pazia la watu likamzunguka miguuni, akaanguka, akainuka, akalikokota kupita sebuleni ambako goli lilikuwa limeingia na uwanja mzima unashangilia na Kaka na Kitinda wamesimama wameupa mgongo ukumbi na wanashangilia pia, akafika kwenye mlango ule wakati kishindo kilikuwa kimeshakwisha na vioo vinamalizia kudondoka.

Fundi Ukuta alikuwa chini ya ile televisheni kubwa. Macho yalikuwa wazi, yanatazama pembeni mwa ngazi, mahali ambapo mtu angekuwa amesimama.

"Mume wangu!"

"Naam, mke wangu. Nipo."

Midomo yake haikutikisika.

Mama Pazia alijaribu kunyanyua kile kioo, kikamshinda. Ulikuwa uzito wa watu wawili. "Kaka!" alipiga kelele. "Kitinda! Njooni! Baba yenu!"

"Naam, mama."

"Abee, mama. Nipo."

Waliitika upesi, kwa adabu, kutoka kona ya juu ya ukuta wa chumba kilekile, pale ilipokuwa imetundikwa televisheni ya mama mkwe. Mama Pazia alitega sikio ukumbini, akingoja miguu.