Bei ya Lenzi Ijayo

Kila asubuhi Fundi alifungua duka lake la kamera akiwa tayari amechoka. Si kwamba alikosa usingizi. Alilala vizuri tu, lakini kuna uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Aliinua mlango wa chuma, akafagia, akafuta kioo cha kabati. Kisha alipanga lenzi. Siku hizi kazi hiyo ilikwisha upesi kwa sababu lenzi zilikuwa chache. Rafu ya juu ilikuwa tupu. Rafu ya kati aliijaza maboksi matupu ili duka lisionekane limefilisika.

"Leo unamdanganya nani?" mkewe aliuliza, akiyatazama yale maboksi.

"Wateja."

"Wateja wala hawaangalii huko. Unajidanganya mwenyewe, baba watoto."

Mkewe alikuwa mtu wa utani, ila siku hizo utani wake ulikuwa na miiba. Alikuwa na sababu. Duka lilipata wateja wengi kuliko mwaka uliopita. Waliingia, wakasifu, wakanunua. Hata hivyo mali ilizidi kupungua mwezi hadi mwezi. Mwenye jengo alikwisha kuwaambia wazi: wakichelewesha kodi tena, kuna muuza viatu anayeitaka nafasi ile.

Mjini Fundi alijulikana kwa jambo moja. Bei zake hazikupanda ovyo. Maduka mengine yalipandisha bei ya lenzi kila mara, lakini yeye aliangalia bei aliyonunulia, akaongeza kidogo, basi. Wapiga picha walimwita mtu wa haki, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kusema.

"Lenzi nimeinunua laki tatu," alizoea kusema. "Nitaiuzaje kana kwamba niliinunua laki nne? Huo si wizi?"

Asubuhi hiyo aliingia mwanamume mmoja mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Aliwahi kuja mwezi uliopita. Alitaka lenzi ya sura, ile inayopendwa na wapiga picha za harusi kwa sababu uso hutoka safi na vitu vya nyuma hufifia. Zilibaki tatu.

"Nipe zote," alisema.

"Kila moja laki tatu na nusu."

Yule mtu akalipa taslimu. Hakuomba kupunguziwa hata senti. "Ubarikiwe, Fundi. Watu kama wewe hawapo tena."

Fundi alitabasamu. Mkewe hakutabasamu. Alichukua chupa ya rangi ya kucha, akatia doa jekundu chini ya kila boksi. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya duka lao. Mteja akirudisha lenzi mbovu kabla dhamana haijaisha, doa lilionyesha kwamba kweli ilitoka kwao.

"Hakuomba kupunguziwa," mkewe alisema mteja alipotoka. "Mimi hata chumvi naomba kupunguziwa. Huyu ana lake jambo."

Mchana Fundi alizibeba pesa zile, milioni moja na elfu hamsini, akaenda duka la jumla kununua lenzi tatu nyingine.

"Laki nne kila moja," muuzaji alimwambia.

"Laki nne? Si ilikuwa laki tatu?"

"Zamani hiyo, Fundi. Kiwandani wamepandisha bei. Gharama ya meli imepanda. Pesa yetu nayo imeshuka thamani, na lenzi hizi zinalipiwa kwa pesa za kigeni. Ulikuwa wapi?"

Fundi alikuwa dukani kwake, akiuza kwa haki. Alinunua lenzi mbili, kwa sababu pesa hazikutosha tatu. Zilizobaki hazikutosha hata kulipa kodi.

"Umeuza tatu, umerudi na mbili," mkewe alisema. "Ya tatu iko wapi?"

Fundi aliketi kwenye kibao. Hakuibiwa. Hakumkopesha mtu. Hakuvunja kitu. Lakini lenzi moja ilikuwa imepotea, naye hakujua imepotelea wapi. Alijisikia kama mtu anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka.

"Nenda kwa Mama Vioo ukaone anauzaje," mkewe alisema.

"Kwa yule mlanguzi?"

"Kwa yule ambaye rafu zake zimejaa."

Mama Vioo alikuwa na duka kubwa la kamera ng'ambo ya barabara. Fundi alikuwa hajawahi kuingia humo. Aliona lenzi tatu za sura zimepangwa mbele, na kikaratasi cha bei: laki nne na themanini. Alichukua boksi moja, akaligeuza. Chini palikuwa na doa jekundu.

Nyuma ya meza alisimama yule mwanamume mpole. Alipomwona Fundi, aliinamisha kichwa na kuanza kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Fundi alitaka kufoka, lakini nguvu za kufoka hakuwa nazo.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, Fundi. Najua ulichokiona. Kaa kwanza." Mama Vioo alimsogezea kiti. "Huyu ni mdogo wangu, nilimtuma mimi. Kwako lenzi ni rahisi kuliko duka la jumla. Niende jumla kufanya nini, na duka langu la jumla ni wewe?"

"Mbona unaniambia wazi hivyo?"

"Kwa sababu ukifunga na mimi naumia. Watu wa kamera hupenda mtaa wenye maduka mawili matatu, walinganishe. Nikibaki peke yangu, wataenda mtaa mwingine. Sasa niambie, bei yako unaipangaje?"

"Naangalia bei niliyonunulia."

"Hapo ndipo unapojimaliza. Angalia bei utakayonunulia nyingine. Ukiuza lenzi, pesa ile kazi yake ya kwanza ni kurudisha lenzi nyingine mahali pale pale. Uliuza laki tatu na nusu, mpya ni laki nne. Kila mteja aliyekusifu aliondoka na elfu hamsini za duka lako."

Fundi aliwakumbuka wote waliomsifu, nao walikuwa wengi.

"Lakini lenzi niliyoinunua laki tatu nikiiuza kwa bei mpya, huo si wizi?" aliuliza. Swali hilo alikuwa nalo moyoni siku nyingi.

Mama Vioo hakucheka. "Nikuulize na mimi. Jumla ikishuka kesho hadi laki mbili na nusu, utaendelea kuuza kwa bei ya juu kwa sababu ulinunua ghali?"

"Nani atanunua?"

"Hakuna. Utashusha, na utakula hasara. Mimi nimeshaila mara nyingi tu. Basi, bei ikishuka unaifuata, na ikipanda unaifuata. Ulanguzi ni kitu kingine. Ulanguzi ni kuficha mzigo ungoje bei ipande, au kupandisha kwa fununu tu. Wewe uliza bei ya jumla ya leo. Ongeza nauli ya mzigo, fungu la kodi na umeme, na kidogo kwa zile zitakazorudi zikiwa mbovu. Halafu ongeza faida yako. Andika bei, kila mtu aione, na kila mtu alipe hiyo hiyo."

"Kwa hiyo niuze laki nne na themanini kama wewe?"

"Kodi yangu ni kubwa kuliko yako. Fanya hesabu zako, usinakili zangu."

Fundi alirudi dukani akamweleza mkewe. Walikaa wote wawili wakapiga hesabu. Laki nne ya jumla. Nauli elfu kumi. Kodi na umeme, elfu ishirini kwa kila lenzi. Elfu tano kwa dhamana. Faida elfu ishirini na tano. Ikawa laki nne na sitini. Mkewe aliandika bei kwenye kikaratasi kwa herufi kubwa. Maboksi matupu waliyatupa.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Wateja waliingia, wakasoma, wakatoka. Mmoja alisema, "Hata wewe, Fundi?" Maneno hayo yalimchoma. Mchana huo alikaribia kukichana kile kikaratasi.

Kisha alikuja Bwana Harusi. Huyu alikuwa mpiga picha za harusi, na walimpa jina hilo kwa sababu alihudhuria harusi kila wiki ilhali mwenyewe hajaoa. Lenzi yake ilianguka, kioo kikapasuka. Alisoma bei, akashusha pumzi.

"Fundi, umenigeuka?"

Fundi alipiga moyo konde. Hakuona haya tena, akamweleza yote: bei ya jumla, nauli, kodi, hata faida. "Jumla ikishuka, bei hii itashuka siku hiyo hiyo," alisema. "Na Mama Vioo yuko ng'ambo. Nenda ukalinganishe, sitakasirika."

Bwana Harusi hakwenda. Aliegemea kabati, akafikiri.

"Mimi napiga harusi kwa bei ile ile tangu lenzi hii ilipokuwa laki mbili na nusu," alisema polepole. "Nasimama kutwa, narudi miguu imevimba, halafu kifaa kikiharibika sina pesa ya kununua kingine. Hata pesa ya leo nimekopa kwa dada yangu. Nilidhani mimi ni mzembe."

"Na mimi nilijidhania hivyo hivyo."

"Mteja wa Jumamosi tumeshakubaliana, simgeuki. Lakini anayefuata atasikia bei mpya."

Alilipa, akaondoka. Fundi alifunga duka kwa muda, akaenda jumla, akarudi na lenzi moja. Aliiweka pale pale ilipotoka ile nyingine. Elfu ishirini alitia kwenye kopo la kodi, elfu tano kwenye la dhamana. Kodi ya mwezi ule walilipa siku ya mwisho, lakini walilipa, na muuza viatu akatafuta nafasi kwingine.

Jioni ya siku ile aliyomuuzia Bwana Harusi, Fundi alimwekea mkewe mkononi elfu ishirini na tano zilizobaki.

"Hii ndiyo faida?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo."

"Mbona ndogo hivi?"

"Ni ndogo," Fundi alikubali. "Lakini hii tunaweza kuila. Kumbe siku zote zile tulikuwa tunakula duka."