Jina la Kumi na Nne

"Jina la kumi na nne halina namba," alisema Abdikarim, kalamu nyekundu ikielea juu ya karatasi.

"Inakuja, adeer. Nipe dakika tano," Keynan alijibu, akimwita ami kwa heshima.

"Saa sita kamili nafunga orodha. Sasa hivi ni saa sita kasoro dakika nane."

Keynan alipangusa jasho, akaitazama simu yake. Meseji zote tatu alizomtumia Idman zilikuwa zimesomwa. Hakuna hata moja iliyojibiwa.

Abdikarim ndiye aliyesimamia viwanja vya nje vya chuo. Ukitaka kufanya hafla kwenye nyasi za nyuma ya maktaba, hapa Garissa, lazima upite mezani kwake. Kanuni zake zilijaa kurasa mbili. Hema halipigiliwi vigingi, maana chini kuna mabomba ya maji. Wanaume na wanawake wana njia zao za kuingilia. Mwisho ni saa kumi na mbili jioni.

"Na hakuna mifugo," alikumbusha. "Mwaka jana wenzenu walileta ngamia eti wapige naye picha. Akala miche yangu yote ya mwarobaini, kisha akalala mlangoni mwa maktaba wakati wa mitihani."

"Sisi ni washairi, adeer. Tunaleta maneno tu."

"Maneno nayo yana kanuni. Adhana ikianza, kipaza sauti kinazimwa."

Kanuni iliyomkaba Keynan ilikuwa ya saba: kila mgeni wa kutoka nje aandikwe jina na namba ya kitambulisho siku tatu kabla ya hafla, orodha ipelekwe kwa maafisa wa usalama. Wageni kumi na watatu walikuwa na namba zao. Wa kumi na nne alikuwa Idman.

Idman aliuza mitandio ya shash na vitambaa vya magauni sokoni. Harusini, yeye ndiye aliyeitwa kutunga buraanbur, mashairi ya wanawake yanayoimbwa kwa makofi na ngoma. Keynan, mwanafunzi wa mwaka wa nne na mwenyekiti wa chama cha ushairi, alikuwa amempenda mwaka mmoja na nusu. Na Jumamosi hii mama yake, Hodo, alikuwa anakuja kutoka Wajir. Mashairi hayakuwa yakimleta. Alikuwa anakuja kumwona Idman kwa macho yake, kisha aseme ndiyo au hapana.

Keynan akapiga simu.

"Idman, namba ya kitambulisho. Nimesimama mbele ya mzee."

"Si nilisema nitatuma?"

"Ulisema Jumapili. Ukasema Jumatatu. Leo Jumatano."

Kwa mbali alisikia honi ya lori.

"Nifute," Idman akasema.

"Nini?"

"Futa jina langu. Ugbad atasoma shairi langu."

"Mama yangu anasafiri kutoka Wajir kwa ajili yako!"

"Najua. Ndiyo maana nakwambia ufute."

Simu ikakatika. Abdikarim aliangalia saa ya ukutani, akapitisha kalamu nyekundu juu ya jina.

"Pole, kijana. Ningeandika namba yangu mimi, lakini na ndevu hizi hawatakubali kuwa ni Idman."

Nje ya ofisi alikuwa anamsubiri Ugbad, binti wa ami yake, ambaye naye alisoma hapohapo chuoni.

"Mimi nilikwambia," Ugbad alisema. "Mwanamke anayeficha kitambulisho anaficha mume."

"Kitambulisho hakiandikwi mume, Ugbad."

"Basi anaficha umri. Labda ana miaka arobaini, ni hina tu inamsaidia."

"Ugbad!"

"Nakuchekesha, walaal, ndugu yangu. Umekuwa kama mtu aliyepotelewa na kundi zima la mbuzi."

Alasiri Keynan akaenda sokoni. Dukani alimkuta Abshir, kaka yake Idman, akikunja vitambaa.

"Idman yuko wapi?"

"Aliondoka na gari la alfajiri. Dadaab."

"Dadaab, kambini kwa wakimbizi? Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Amekwenda kujiondoa."

"Kujiondoa wapi? Kwenye nini?"

Abshir alinyoosha kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimenyooka. "Muulize mwenyewe. Hilo si langu kulisema."

Siku hiyo Keynan hakuonja chakula. Alikumbuka mambo ambayo hakuwahi kuyajali. Mwaka na nusu, Idman hajawahi hata mara moja kuingia lango la chuo. Daima yeye ndiye aliyemfuata dukani. Laini ya simu yake ilisajiliwa kwa jina la Abshir. Zamani aliona ni haya za msichana aliyelelewa vizuri. Sasa hakujua aone nini. Kujiondoa kwenye nini? Ndoa? Uchumba wa kambini? Kila jibu alilolishika liliteleza, na lililofuata lilikuwa baya zaidi.

Alhamisi jioni meseji ikaingia:

"Nimerudi. Njoo kesho baada ya sala ya Ijumaa. Usije na hasira, njoo na masikio."

Alikwenda na vyote viwili.

"Una mume?" aliuliza hata kabla ya kukaa.

Idman alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Laiti ingekuwa mume. Mume hutoa talaka. Kaa chini."

Akakaa.

"Mwaka wa ule ukame mkubwa, ng'ombe wetu wote walikwisha kule Ijara. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alinishika mkono tukaenda Dadaab, akasema tumevuka mpaka wa Somalia pale Liboi, ili tupate unga na mafuta. Wakaniweka vidole kwenye mashine. Mvua iliponyesha tukarudi nyumbani. Vidole vyangu vikabaki kule."

"Vikabaki vipi?"

"Nilipofika miaka kumi na minane nikaenda kuomba kitambulisho. Mashine ikasema mimi ni mkimbizi. Abshir alikuwa amebaki Ijara na baba, hakuandikwa. Tumbo moja, Keynan. Yeye Mkenya, mimi mgeni."

Keynan alihisi moyo wake umepata pumzi. Hakuna mume! Furaha ikamzidi akili.

"Basi namba unayo! Ile ya kadi ya wakimbizi. Fomu ya Abdikarim inaikubali, nimeiona kwa macho yangu. Nikimbembeleza leo..."

"Mkimbizi aliyeko Garissa bila kibali cha kutoka kambini hukamatwa. Na nikiiandika kwa mkono wangu, nimekubali. Miaka sita nakwenda kule kuwaomba wanitoe, halafu nijiandike mwenyewe kwa sababu ya viti vya plastiki vya hafla yenu?"

"Si viti. Ni mama yangu."

"Mwambie naumwa."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Kwa sababu ulimpenda Idman wa Ijara. Niliogopa siku utakayoanza kunidai ushahidi."

"Lakini..." Neno lilimtoka kabla hajalishika. "Unao ushahidi?"

Idman alisimama.

"Umeona?" alisema taratibu. Akachukua mkasi. "Nenda, Keynan. Nina wateja."

Dukani hapakuwa na mteja hata mmoja.

Jumamosi Hodo alifika chuoni saa tisa, jilbabu jeusi, vumbi la safari miguuni. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, akapita. Alikaa upande wa wanawake, akanyoosha shingo kila safu, kisha akamwita mwanawe.

"Yuko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: anaumwa. Keynan akaumeza.

"Hayuko, hooyo. Na jana nilimuuliza swali baya."

Akachuchumaa kando ya kiti, akamweleza yote: ukame, vidole, kalamu nyekundu, na lile swali. Hodo alisikiliza bila kupepesa macho.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Ng'ambo ya barabara," Ugbad alidakia. "Amekuja kunipa shairi lake kupitia kwenye ua. Bado amesimama pale."

Hodo akainuka, akaelekea langoni. Keynan akamfuata, lakini Abdikarim akamkingia njia.

"Wapi? Aliyesaini fomu haondoki uwanjani mpaka kiti cha mwisho kihesabiwe. Kanuni ya kumi na moja."

"Adeer, mama yangu anamwendea msichana wangu!"

"Namwona. Na anatembea kwa kasi."

Keynan akabaki ameshika waya wa ua. Alimwona mama yake akisema kitu huku kidole kikiwa juu. Idman akainamisha kichwa. Mama akasema tena. Idman akatikisa kichwa: hapana. Hapana nini? Mama akamkamata mikono, akaifungua, akaviangalia vidole kimoja kimoja kama anayekagua mtoto aliyejikata. Kisha wote wawili wakaketi juu ya jiwe. Nyuma yake Ugbad alikuwa akisoma shairi kwenye kipaza sauti, wanawake wakipiga makofi, na Keynan hakuelewa hata neno moja, la huku wala la kule.

Simu ikalia.

"Mwanangu, unanisikia?" Ilikuwa sauti ya Hodo. "Mwaka uleule nami nilifunga vyombo. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nakupeleka Dadaab, tukaseme uongo uleule. Tulikaa barabarani siku tatu tukingoja lori. Halikuja. Lingekuja, leo wewe ndiye usingekuwa na namba."

"Hujawahi kuniambia," Keynan alijibu.

"Ningekwambia nini? Kwamba ulipona kwa sababu dereva mmoja alilala? Sasa sikiliza. Baba yako atatuma wazee wakapose. Hawaendi dukani kwa Abshir. Wanakwenda Ijara."

Sauti ya Idman ikaingia, ikimwita Hodo shangazi: "Eddo, sitaki kuolewa kwa ajili ya kitambulisho."

"Nani amekitaja? Posa hupelekwa kwa watu wa msichana. Wazee wako watakaa, watataja baba yako na babu zako na kisima walichonyweshea. Wakishakupokelea posa mbele ya watu wa Wajir, watathubutu vipi kukaa mbele ya kamati ya vitambulisho, ile inayowauliza wazee nani ni wa kwao, waseme hawakujui? Lakini kwanza jibu. Huyu mwanangu mwenye swali la kijinga unamtaka, au humtaki?"

Keynan alikaza mkono kwenye waya mpaka ukamuuma.

"Nipe simu, eddo," Idman alisema. Kisha, karibu kabisa na sikio lake: "Keynan."

"Nisamehe. Nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Najua. Mimi nimechanganyikiwa miaka sita." Akamgeukia Hodo. "Namtaka, eddo. Waende."

Wiki tatu baadaye wazee saba walikwenda Ijara. Keynan alibaki Garissa kama desturi inavyotaka, akizunguka na simu mkononi. Idman alikuwa kule, nyuma ya pazia pamoja na wanawake. Saa nane akapiga.

"Wamekubali?" Keynan aliuliza.

"Wamekubali, ila subiri kwanza." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Wamenitaja, Keynan. Mbele ya watu wote. Mimi, baba, babu, mpaka babu wa tisa. Mzee aliposahau mmoja, uwanja mzima ulimkumbusha."