Pini Ndani ya Buti

"Nakuuliza kwa mara ya tatu," mama alisema. "Soksi hii ni ya nani?"

"Yangu, mama."

"Yako. Tangu lini mguu wako ukawa namba kumi?"

Msichana aliinamisha kichwa. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kujua kunyamaza. Asubuhi hiyo, hata hivyo, ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Mama alisimama mlangoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, ameishika soksi ya kijivu kwa ncha za vidole viwili. Aliikuta nyuma ya pipa la maji, imefungwa fundo. Penye unyayo palikuwa na doa la damu na usaha uliokauka.

"Niliivaa tu, mama. Nikajikata kidogo."

"Wapi?"

"Mguuni."

"Onyesha."

Chiriku alivua kandambili. Mama akaugeuza mguu mmoja, akaugeuza wa pili, akaitazama miguu yote miwili jinsi anavyotazama mshono kabla ya kumkabidhi mteja nguo. Hapakuwa na hata mkwaruzo.

"Miguu mizima, soksi ina damu. Basi soksi ndiyo iliyojikata," mama alisema. "Sikiliza, Chiriku. Nina sare za shule nzima za kushona, sina nafasi ya vitendawili. Nimebakiza kola sita. Nikimaliza ya sita, uwe umeniletea jibu la kweli."

Alirudi barazani, na cherehani ikaanza kunguruma. Chiriku akatoka uani kufanya kazi yake ya kila Jumamosi, kung'arisha mabuti ya babu.

Babu yake, mzaa mama, mtaa mzima ulimwita Koplo. Alilitumikia jeshi miaka ishirini na sita. Alivuka mito na bunduki juu ya kichwa, akawazika wenzake kwa mikono yake, na akarudi na nishani moja pamoja na msahafu mdogo uliokaa mfuko wa kifuani mpaka kingo zake zikachakaa. Baba yake Chiriku alipofariki, Koplo alifunga virago akahamia kwa binti yake. Alisema zamu yake ya ulinzi ilikuwa haijaisha. Tangu siku hiyo alimsindikiza mjukuu shuleni, akabeba mafurushi ya sare zilizoshonwa, na hakukosa sala hata moja.

Sasa zilibaki siku tisa kabla ya gwaride la wastaafu. Mwaka huo, akiwa na miaka sabini na mmoja, Koplo alikuwa amechaguliwa kubeba bendera mbele ya wote. Alijua ni mara ya kwanza, na kwa umri ule alijua ni ya mwisho pia.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo walilijua watu wawili tu. Wiki mbili nyuma, Chiriku aliingia chumbani kwa babu bila kubisha hodi, akamkuta anafunga kitambaa mguuni. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo la ukubwa wa punje ya maharage.

"Hujaona kitu," babu alimwambia. "Hii ni siri ya kijeshi. Gwaride likipita nitakwenda hospitali mwenyewe. Niahidi."

Chiriku aliahidi. Kuanzia hapo akawa anazifua soksi za babu kwa kificho. Na babu, ambaye miaka yote alitia udhu kwenye bomba la uani huku amekunja suruali na kumsalimia kila apitaye, akaanza kuingia bafuni na birika na kufunga komeo.

Asubuhi hiyo Koplo alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka mazoezini. Alikuwa akienda na kurudi barabarani, mkono mmoja umeshika fimbo ya ufagio kama mlingoti, huku watoto wa jirani wakimfuata nyuma kwa hatua za bata. Aliketi kwenye benchi, akavua mabuti, akamsukumia mjukuu.

"Lile la kushoto liongezee rangi puani. Nataka jemadari ajione meno yake humo."

Chiriku aliingiza mkono ndani ya buti la kushoto ili alishike vizuri, akauchomoa haraka. Tone la damu lilikuwa limetokeza kwenye kidole chake. Akachungulia. Pini ya mama yenye kichwa cha buluu, moja ya zile zilizodondoka kila mahali nyumbani, ilikuwa imezama kwenye soli ya ndani, ncha yake ikitazama juu. Akaing'oa.

"Babu, buti hili umelivaa tangu saa ngapi?"

"Tangu niliporudi msikitini alfajiri. Kwa nini?"

"Hukuumia?"

"Kuumia wapi?"

Chiriku akamwonyesha pini. Babu akavua soksi, akaugeuza unyayo. Kando ya kidonda cha zamani palikuwa na tundu jipya, na uzi mwembamba wa damu ukishuka kuelekea kisigino.

Babu alicheka. "Ngozi ya askari hiyo. Risasi zilishindwa, sembuse pini?"

Lakini kicheko kilikatika. Alipabonyeza mahali pale kwa kidole. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Chiriku alikuwa akimtazama usoni, na hakuona maumivu. Aliona hofu.

Kidole cha Chiriku kilikuwa bado kinawaka moto. Yeye aligusa ile ncha mara moja tu, na babu aliikanyaga asubuhi nzima.

"Babu, nakwenda kumwambia mama."

"Uliniahidi."

"Nilidhani ni kidonda tu. Kidonda kinauma. Hiki chako hakiumi."

"Chiriku, simama hapo hapo. Hiyo ni amri."

Tangu azaliwe, Chiriku hakuwahi kukaidi amri ya babu. Alisimama kidogo. Kisha akageuka, akaenda hadi barazani na kuiweka ile pini juu ya kola ya tano.

"Soksi ni ya babu," alisema, halafu maneno yote aliyoyafungia wiki mbili yakatoka kwa pamoja.

Mama hakugomba. Aliinuka, sindano ikiwa bado imeng'ata kitambaa, akaenda uani na kupiga magoti mbele ya baba yake. Aliushika mguu akautazama kwa muda.

"Baba, una siku ngapi na hiki?"

"Wiki tatu hivi. Nimemwachia Mungu, mwanangu. Tena gwaride…"

"Mungu hakukwambia ufunge komeo," mama alisema. "Na mimi, mjinga, nikadhani uzee umekufanya uone haya. Chiriku, kamwite jirani mwenye teksi. Mwambie aje sasa, hata kama anakunywa chai."

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mama. Alimwamkia Koplo shikamoo, akamtoboa kidole, akaitazama namba kwenye kipimo, akaitazama tena.

"Babu, unasikia kiu sana siku hizi? Unaamka mara nyingi kwenda haja ndogo?"

"Uzee huo, daktari."

"Sukari hiyo, babu. Ugonjwa wa kisukari. Sasa fumba macho. Nitakugusa nyayo kwa uzi huu. Kila ukisikia, niambie."

Koplo akafumba macho. Uzi ukagusa kidole gumba, ukagusa katikati ya unyayo, ukagusa kisigino, kisha mguu wa pili vivyo hivyo. Koplo alikaa wima, anasubiri.

"Anza basi, daktari," alisema.

"Nimeshamaliza, babu."

Daktari alieleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huua hisia za miguu, na mguu usiosikia hauwezi kulalamika. Akamwandikia apigwe picha, kuona kama uozo umefika mfupani. Kama umefika, alisema, huenda mguu usiokolewe.

Walisubiri kwenye benchi la korido. Midomo ya babu ilikuwa ikitembea polepole kwa dua. Mama alihesabu vigae vya sakafuni, akamaliza, akaanza upya. Chiriku alikalia mikono yake. Aliwaza kwamba kama angesema siku ile ile ya kwanza, wasingekuwa hapa wakisubiri kuambiwa habari ya kukata.

Daktari alitokea ameinua picha kuelekea dirishani.

"Mfupa ni mzima," alisema. "Tutakisafisha kidonda, mtapewa dawa, na kila baada ya siku mbili mnakuja kukifunga. Mguu unabaki kwa mwenyewe. Mngekuja siku tisa baadaye, nisingesema hivi."

"Alhamdulillahi," babu alisema.

Mama alikaa kwenye kiti kilichokuwa mlangoni mwa chumba cha daktari, kumbe ni cha daktari mwenyewe, wala hakujali. Alicheka huku akifuta macho kwa ile futi ya shingoni. "Nimekuja na futi hospitali," alisema. "Watadhani nimekuja kumpima suruali."

Daktari alipokwenda kuandaa dawa, Chiriku alimsogelea babu. "Nisamehe, babu. Nimevunja ahadi, na amri pia."

"Kaa hapa," babu alisema, akampisha nafasi ubavuni. "Unajua koplo hufanya kazi gani safarini? Kila tukipumzika, nilikuwa napiga magoti nakagua miguu ya vijana wangu kumi na wawili. Mmoja alinificha lengelenge kwa kuogopa kuitwa legelege. Siku ya tatu tulimbeba kwa machela, na kikosi kizima kikachelewa. Nilimgombeza vibaya sana. Leo mimi nimefanya upumbavu ule ule, tena nimekutwika wewe mtoto uubebe. Mtu mzima akikwambia ufiche jambo linalomdhuru yeye au linalokudhuru wewe, hiyo si siri. Msemee, hata akiwa babu yako. Mwenye kosa ni mimi."

"Mwenye kosa ni wewe, baba, nakubali," mama alisema. "Ila uongo wa soksi tutauzungumza nyumbani, Chiriku. Ukiona jambo limekuzidi kimo, njoo kwangu siku ile ile, usingoje nikuokotee ushahidi nyuma ya pipa."

"Ndiyo, mama."

Babu alimnyooshea mama mkono. "Nipe simu yako, mwanangu."

Alimpigia rafiki yake wa jeshini, aliyeitwa Dereva, mwenyekiti wa wastaafu, mtu wa vikombe vitano vya chai yenye sukari nyingi.

"Dereva, tafuta mtu mwingine wa bendera. Mimi nitakaa kwenye kiti na kupiga makofi. Hapana, siumwi kufa, nimewahi hospitali. Sasa nisikilize vizuri. Uko wapi? Umekaa? Vua viatu. Na soksi. Usinicheke, nakwambia vua, ugeuze nyayo uzitazame moja moja, kisha uniambie unachokiona." Aliegemeza mgongo ukutani, mguu wake umenyooshwa mbele juu ya benchi. "Nasubiri."