Msimbebe, Mwacheni Chini

Mwantum, ambaye majirani walimwita Mama Yasmina kwa jina la binti yake, alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Jabe, Bujumbura. Kila asubuhi alitoa cherehani yake barazani na kuanza kushona. Upande wa pili wa ua, mume wake Hamimu na mwenzake Valéry walichomelea milango ya chuma. Kutoka sokoni zilisikika kelele za wauza nyanya na wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Hivyo ndivyo siku ilivyoanza, kuwe na vita, kusiwe na vita.

Na vita vilikuwepo. Ulikuwa mwaka 1997. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na petroli ilikuwa adimu. Watu kumi wakikaa pamoja, mtu wa serikali alikuja kuuliza wanapanga nini. Sisi wa Jabe tulikuwa tumechoka kuogopa. Tuliogopa asubuhi, halafu tukaenda kazini.

Mwantum alikuwa na jambo moja lililomuuma kuliko vita. Mwaka uliopita alimzika mdogo wake, Ilyasi.

Ilyasi alikuwa kinyozi. Mchana mmoja alishika waya uliochubuka, umeme ukampiga, akaanguka chini. Watu walikuja mbio. Mzee Hamissi, baba yake Hamimu, alifika wa kwanza. Mzee huyo aliuza magodoro, na duka lake lilikuwa jirani.

"Musimuache kwa vumbi," alisema Mzee Hamissi. "Mutoto wa watu halali chini kama mbuzi. Mubebe, mumulaze kwa godoro."

Kwetu hiyo ni heshima. Mtu mwenye ndugu haachwi chini. Basi wanaume wanne walimbeba Ilyasi, wawili mikono, wawili miguu. Walihangaika naye mlangoni pa duka, maana mlango ulikuwa mwembamba. Walimlaza kwenye godoro jipya kabisa. Mmoja akammwagia maji usoni. Mwingine akakata kitunguu, Mwantum akamnusisha. Mwingine akaanza kusoma Yasini. Ilyasi alikoroma mara moja, akanyamaza, akakoroma tena.

"Anapumua, alhamdulillahi," watu walisema. Wakakaa kungoja gari. Gari halikupatikana. Baada ya robo saa Ilyasi hakukoroma tena.

Watu wote walisema siku zake zilikuwa zimekwisha. Mwantum naye alisema hivyo. Alilisema neno hilo mwaka mzima, na halikumpa usingizi.

Siku moja alikuja mteja, jina lake Léoncie. Alikuwa muforoma, ndivyo tunavyomwita muuguzi kwetu. Aliishi Gihosha, juu mlimani, na kwa kuwa petroli hakuna, alishuka kwa miguu kila siku kwenda kazini. Alikuwa amekonda, akataka magauni yake meupe ya kazi yapunguzwe.

Mwantum alimpima kiuno huku wakizungumza. Léoncie alisema ametoka kwenye mafunzo ya wiki mbili. Madaktari waliwafundisha wauguzi namna ya kumsaidia mtu ambaye moyo wake umesimama. Kila muuguzi aliagizwa akafundishe watu mtaani.

"Moyo ukisimama si mutu amekufa?" aliuliza Mwantum.

"Apana. Si mara moja. Kuna dakika chache katikati."

Mwantum alimweleza habari za Ilyasi. Alieleza yote: waya, godoro, maji, kitunguu, kukoroma. Léoncie alisikiliza, akatazama chini.

"Sema," alisema Mwantum. "Naona uko na neno."

"Mama Yasmina, mi siwezi kukudanganya. Pengine angekufa tu. Lakini kule kukoroma hakukuwa kupumua. Mutu anayevuta pumzi moja, ananyamaza, anavuta ingine, huyo moyo wake umesimama. Mulipaswa kumuacha chini na kumusukuma kifua, pale pale."

Mwantum aliutupa utepe wa kupimia. Alimkasirikia Léoncie, akajikasirikia mwenyewe, akalikasirikia na lile godoro.

"Mwaka muzima nasema ni Mungu," alisema. "Kumbe ni sisi hatukujua."

"Hakuna mwenye aliwafundisha."

"Basi nifundishe mi. Leo. Sitazika mutu mwingine hivi."

Lakini kufundisha kulihitaji mwanasesere wa kufanyia mazoezi, na yule aliyemtumia Léoncie mafunzoni alibaki kwa madaktari. Kifua cha mtu mzima mwenye afya hakisukumwi kwa mazoezi, kinaweza kuumia. Mwantum hakungoja msaada wa nje. Alishona kiwiliwili kwa turubai na kukijaza vipande vya sponji. Hamimu alitoa springi kwenye kiti cha gari bovu, akaiweka ndani ya kifua pamoja na kifuniko cha kopo. Ukisukuma vizuri, kina cha vidole vitatu, kifuniko kililia ka. Ukisukuma kwa uvivu, hakikulia.

Wanawake wa sokoni walimwita Bwana Kimya. Walisema ndiye mwanamume pekee wa Jabe asiyebisha.

Kila Jumatano baada ya saa tisa, Léoncie alifundisha uani. Walianza wanawake sita, na Hamimu na Valéry.

"Kwanza, jiangalie wewe," alisema Léoncie. "Kama mutu amepigwa na courant, ule umeme, usimuguse. Kata courant kwanza. La sivyo tutakuwa na maiti wawili. Pili, mutikise bega, mwite. Tatu, tazama kifua chake. Hesabu mupaka kumi, usipitishe. Hapumui, ao anakoroma mara moja moja tu? Tuma mutu atafute gari. Wewe anza."

Alipiga magoti kando ya Bwana Kimya. Aliweka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake. Alinyoosha viwiko.

"Sukuma kwa nguvu. Sukuma haraka, mara mia na zaidi kwa dakika. Kila mara acha kifua kipande juu, halafu sukuma tena. Na mutu awe chini, pahali pagumu. Ukimuweka kwa godoro, utakuwa unasukuma godoro. Moyo hausikii kitu."

Mwantum alisikia neno godoro, akainamisha kichwa.

Léoncie aliwaonyesha pia kupuliza: unarudisha kichwa nyuma, unainua kidevu, unabana pua, unapuliza mara mbili mpaka kifua kipande. Siku hizo walihesabu misukumo kumi na tano, kisha pumzi mbili. Walimu wa leo wanasema misukumo thelathini kwa pumzi mbili, nawe msomaji shika hiyo ya leo. Kama huwezi kupuliza, sukuma tu bila kuacha. Kusukuma tu ni bora kuliko kusimama na kulia.

Mzee Hamissi hakufurahi. Jumatano ya tatu alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Mwantum, mwanamuke wa Kiislamu kushika kifua cha mwanaume wa inje, ni adabu gani hiyo?"

"Baba, mutu ambaye moyo wake umesimama si mwanaume wala mwanamuke. Ni mutu anayekufa."

"Jitihada haiondoi kudura," alisema mzee.

"Ni kweli, Baba. Lakini kudura haijakataza jitihada."

Mzee alikohoa, akaondoka. Hakuzoea kujibiwa na mkwe wake. Hamimu alimtazama mke wake, akatamani kucheka, akaona heri ashike kazi yake.

Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha asubuhi. Valéry alikuwa uani kwa Hamimu, anamalizia geti la jumba moja la Kiriri, mtaa wa matajiri. Ua ulikuwa umelowa, naye alivaa kandambili. Waya wa mashine ya kuchomelea ulikuwa umechubuka mahali, na kila fundi aliujua mchubuko huo. Walisema watauziba kesho. Kesho hiyo ilikuwa na miezi miwili.

Valéry aliuvuta waya. Alitoa sauti moja fupi, akaanguka chali.

Hamimu alitaka kumrukia. Mwantum alipiga kelele kutoka barazani, "Usimuguse! Kata courant!" Hamimu alikimbia ukutani, akashusha swichi kubwa. Hapo ndipo Mwantum alipomkaribia Valéry. Alimtikisa bega, akamwita jina. Alitazama kifua, akahesabu. Valéry alikoroma mara moja, akanyamaza.

Watu walikuwa wameanza kujaa uani. Sauti moja ikasema, "Anapumua, Mungu asifiwe." Mzee Hamissi alifika akihema.

"Mubebe," alisema. "Musimuache kwa maji. Mumulete dukani kwangu, kuna godoro."

Wanaume wawili waliinama na kushika miguu. Mwantum aliwatazama, akawa kama anamwona tena Ilyasi akipitishwa mlangoni.

"Acheni miguu hiyo," alisema. "Hapumui. Habebwi. Anabaki chini."

"Mwantum, unamuacha mutoto wa watu kwa matope?"

"Namuacha, Baba. Na ukimugusa, tutagombana mi na we hapa hapa."

Wanaume wale wakaachia miguu. Mkwe hasemi hivyo kwa baba mkwe, na Mwantum alilijua hilo. Lakini alikuwa ameshapiga magoti. Aliweka mikono katikati ya kifua cha Valéry, akanyoosha viwiko, akaanza kusukuma. Moja, mbili, tatu. Hakuona aibu ya kumshika. Aliona hasira tu, na hasira hiyo aliiweka mikononi.

Kijana mmoja wa sokoni alitumwa kutafuta gari. Mwanamke mmoja alileta maji kwenye bakuli. "Peleka maji hayo kwa kuku," alisema Mwantum bila kuinua kichwa, akaendelea kuhesabu. Hamimu alirudisha kichwa cha Valéry nyuma, akabana pua, akapuliza mara mbili. Kifua kilipanda. Mwantum akasukuma tena. Kitu kililia ndani ya kifua, mbavu labda. Aliogopa, lakini hakuacha. Léoncie alikuwa amewaambia kwamba mbavu hupona.

Mikono ilipoanza kulegea alisema, "Hamimu, shika." Walibadilishana haraka, bila kupoteza muda. Kisha akashika yeye tena. Watu waliona ni muda mrefu sana. Mtu mmoja alisema kwa upole, "Mama Yasmina, basi. Ameshakwenda."

"Wewe kama umechoka kutazama, nenda," alijibu.

Kisha Valéry alikohoa. Alikohoa tena, akavuta pumzi ndefu, na nyingine, na nyingine. Mwantum aliondoa mikono, akatazama kifua kikipanda na kushuka chenyewe. Walimgeuza ubavu ili asisongwe na mate. Mwantum alikaa pale pale kwenye matope, akalia mbele za watu wote. Alikuwa hajalia hivyo tangu mazishi ya Ilyasi.

Gari lilifika, Toyota kuukuu yenye petroli ya bidoni, dumu la magendo. Hamimu aliketi nyuma na Valéry, akimtazama kifua njia nzima. Hospitali walimlaza siku tano, maana moyo uliopigwa na umeme unaweza kusumbua tena. Ubavu mmoja ulikuwa umevunjika.

"Munisalimie mwenye kunivunja mbavu," Valéry aliwaambia waliokwenda kumwona. "Mumuambie nikipona nitamushitaki."

Waya wenye mchubuko ulitupwa siku hiyohiyo. Mafundi wote wa mtaa walikagua nyaya zao. Na Hamimu alinunua viatu vya mpira, jozi mbili.

Usinielewe vibaya, msomaji. Si kila anayesukumwa kifua hurudi. Wengi hawarudi, hata mikononi mwa madaktari. Lakini anayeachwa kwenye godoro akinusishwa kitunguu ana nafasi ndogo kuliko wote. Hilo nalisema wazi, na atakayekasirika akasirike.

Siku ya pili, Mzee Hamissi alikuja barazani. Alikaa kwenye kigoda. Mwantum aliendelea kushona, maana hakujua aanze na neno gani.

"Baba, nilikukosea heshima," alisema mwishowe.

"Acha hiyo." Mzee alishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Ilyasi. Ni mi nilisema wamubebe. Ni godoro langu."

"Hatukujua, Baba. Hata mi nilishika kitunguu."

"Hatukujua," alisema mzee. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Sasa tunajua. Jumatano munaanza saa ngapi?"

Jumatano hiyo walikuja watu arobaini. Walikuja Waislamu na Wakristo, wauza ndagala, makanika, na watu wa mitaa ambayo siku hizo haikutembeleana. Hakuna aliyeulizwa yeye ni wa upande gani. Léoncie alisema moyo hauna karatasi ya kitambulisho, kisha akawaambia wavue viatu na wapige foleni.

Mzee Hamissi alitaka kuwa wa kwanza. Ilimchukua muda kupiga magoti, maana magoti yake yalikuwa ya miaka sabini. Mwantum alimshika mkono na kumwonyesha mahali pa kuweka kiganja. Mzee alisukuma. Bwana Kimya hakulia.

"Nguvu, Baba. Usimuhurumie."

Mzee alinyoosha viwiko, akasukuma tena. Ka. Ka. Ka.

Wakati huo aliingia mkuu wa mtaa, Bwana Adrien, ameshika karatasi ya serikali inayokataza mikutano. Alitazama ule umati, uso ukabadilika.

"Réunion hii nani ameiruhusu?" aliuliza. "Watu wote hawa hapana ruhusa. Muondoke. Kila mutu kwake."

Hakuna aliyeondoka. Léoncie alifungua kinywa kujibu. Mwantum alisimama ili atangulie yeye. Lakini mzee aliwatangulia wote wawili, bila kugeuka wala kuacha kusukuma, jasho likimtiririka shingoni.

"Adrien, mwanangu, weka karatasi yako chini, uje upige magoti hapa upande huu," alisema. "Mi nimeanza kuchoka, na mutu huyu hajapumua bado."