Jina Lililofuliwa

Armaiti alikuwa ameshaishika ile sahani mkono mwingine ulipotokea na kuishika upande wa pili. Ulikuwa mkono wa mwanamume, wenye kucha safi kupita kiasi.

"Samahani, dada. Hii nimeiona mimi kwanza," alisema mwenye mkono.

"Uliiona kwa macho. Mimi nimeiona kwa vidole."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, siku ambayo soko la vitu vikuukuu la Chor Bazaar humwaga vitu vyake barabarani: saa zisizo na mishale, taa za vioo, magramafoni, milango ya majumba yaliyovunjwa. Watu walipita wakisukumana, mbuzi mmoja akipita kati yao bila wasiwasi, na Hanif muuza vyombo alikuwa amekaa juu ya kreti akiwatazama wale wawili kama anatazama mechi ya kriketi.

Sahani yenyewe ilikuwa ya kaure, nyeupe, yenye maua madogo ya urujuani ukingoni na mstari wa dhahabu uliofifia. Armaiti aliitaka kwa sababu ilikuwa nzuri tu. Mwanamume yule alikuwa na sababu nyingine.

"Mama yangu alikuwa na kumi na mbili kama hizi," alisema. "Tano zimevunjika. Navroz hii nataka kuandaa meza ya mwaka mpya nyumbani, na meza yetu ina mapengo matano."

"Si uchanganye na sahani nyingine? Nani atahesabu?"

"Mimi ni daktari wa meno, dada yangu. Pengo siwezi kulivumilia."

Armaiti alicheka kabla hajajizuia, na akicheka mkono ulilegea. Daktari akabaki na sahani.

"Umenihadaa!"

"Nimekuhadaa, ndiyo. Naitwa Sarosh. Nikununulie chai ya toba?"

Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi upande mmoja tu, masikio yamechomoza kidogo. Si wa kuangusha wanawake barabarani. Lakini alisubiri jibu kwa adabu, amekumbatia sahani kifuani kama kifaranga, na Armaiti akajikuta anasema chai peke yake haitoshi, toba ya kweli inataka na mkate wa siagi.

Mkahawani ndiko Armaiti alikomweleza kazi yake. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, aliishi mtaa wa Dadar na bibi yake Jerbai, na riziki yake ilikuwa vitambaa vya kale: lesi zilizoliwa na nondo, sari zilizodariziwa za mabibi, mashuka ya harusi ya miaka themanini iliyopita. Watu walimletea vikiwa vimekufa, akavirudishia uhai.

"Basi sote wawili tunaziba matundu," Sarosh alisema.

"Tofauti ni kwamba wateja wangu hawapigi kelele."

Kuanzia siku ile simu haikutulia. Sarosh alipiga asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, akapiga mchana akiwa na mkate mdomoni.

"Umekula, malkia wa sindano?"

"Nimekula. Na wewe, muuaji wa meno?"

Bibi Jerbai, aliyekuwa kiziwi alipotaka tu, alisikia kila neno. "Mwambie huyo daktari aje tumwone," alisema. "Sauti peke yake hailiwi na wali."

Mwishoni mwa Februari Sarosh alimletea furushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha meza cha kitani, kirefu, kimekuwa na rangi ya chai kwa kukaa kabatini. Pembeni pote kilizungukwa na majina yaliyodariziwa kwa uzi mwekundu. Ilikuwa desturi ya mama yake, Aban: kila Navroz wageni waliandika majina yao kwa penseli juu ya kitambaa, naye akayapitia kwa sindano. Miaka sita tangu afe, kitambaa hakikutandikwa wala meza haikuandaliwa. Mzee Kersasp, baba yake Sarosh, alikula chakula cha sikukuu jikoni, amesimama.

"Mwaka huu nataka akae mezani," Sarosh alisema. "Anazima, Armi. Namwona anazima kama taa." Akamshika mkono. "Na jambo lingine. Jumapili ijayo nikija, sitakuja kunywa chai. Nitazungumza na bibi yako."

Usiku ule Armaiti alilala anatabasamu, na kesho yake alikishughulikia kile kitambaa kama mtoto mchanga. Alikiloweka siku mbili kwa sabuni laini, akakisugua kwa ndimu na chumvi, akakianika juani uani. Kwenye pembe moja palikuwa na mikwaruzo ya penseli, herufi tatu za Kigujarati zilizopinda na kufifia hata hazisomeki. Alama ya dobi, aliwaza. Madobi hawaachi nguo bila kuiandika. Akaisugua mpaka ikatoka.

Simu ililia kitambaa kikiwa bado kinadondosha maji.

"Mpenzi, kuna kitu nilisahau kukwambia," Sarosh alisema. "Pembeni kuna maandishi ya penseli. Ni mama, aliandika jina lake Navroz yake ya mwisho, hakuwahi kulidarizi. Ndiyo mwandiko wake pekee uliobaki pale. Ukiosha, uzunguke hapo."

Armaiti aliitazama ile pembe. Ilikuwa nyeupe pe.

"Armi? Upo?"

"Nipo."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia," alisema, na simu ikakatika akiwa amekaa chini kwenye sakafu ya uani.

Hapo ndipo alipokosea mara ya pili, na kosa hili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Hakusema. Jioni simu ilipolia aliiacha ilie. Kesho yake aliandika kwamba ana homa. Jumapili alimwomba bibi aseme hayupo, na Bibi Jerbai, aliyekuwa amejifunga sari yake ya hariri nyeusi yenye korongo weupe waliodariziwa ili kumpokea mgeni, alisema mlangoni kwamba mjukuu wake hayupo, kisha akarudi ndani akakaa kwa kishindo.

"Nimesema uongo nikiwa na lulu shingoni. Sasa niambie umefanya nini."

Armaiti alimwambia, huku analia.

"Umelifuta jina la marehemu," bibi alisema polepole. "Ni zito hilo. Lakini kijana ameondoka pale mlangoni na maua mkononi, anadhani wewe humtaki. Hilo ni zito zaidi, maana huyo yu hai."

Siku nane Armaiti alitafuta ujasiri bila kuupata. Siku ya tisa ukaja ujumbe. *Kama jibu ni hapana, nitaelewa. Sitakusumbua tena. Naomba tu kitambaa cha mama.*

Alikipiga pasi, akakikunja kwa karatasi nyembamba, akavaa gauni lake la bluu la kazini bila hata kujitazama kwenye kioo, na akapanda treni hadi Grant Road. Navroz ilikuwa imebaki siku nne.

Mzee Kersasp ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mwembamba, amevaa fulana nyeupe na kofia nyeusi, miwani imefungwa kwa uzi. Mezani nyuma yake zilikuwa zimepangwa sahani za maua ya urujuani, nane, zikisubiri.

"Sarosh yuko kliniki. Wewe ndiye binti wa vitambaa? Ingia, mwanangu. Mbona umepauka hivyo?"

"Mzee wangu, sitaingia mpaka nikwambie." Na akasema yote akiwa amesimama kizingitini, juu ya michoro ya chokaa ya kukaribisha wageni: penseli, dobi, ndimu, simu, uongo. "Nimelifuta jina la mama. Siwezi kulirudisha. Ningeweza, ningetoa macho yangu."

Mzee alilipokea furushi. Akakifungua kile kitambaa, akaitafuta pembe, akaipapasa kwa kidole gumba. Mabega yake yakaanza kutikisika. Armaiti alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini katikati ya kilio alikuwa anacheka.

"Imetoka kabisa?" aliuliza. "Hakuna hata alama?"

"Hakuna, Mzee. Nisamehe."

"Nikusamehe? Mwanangu, umenitua mzigo wa miaka sita!" Alikaa kwenye kiti kama mtu aliyefika kutoka safari. "Lile jina niliandika mimi."

"Wewe?"

"Mimi, na mwandiko wangu wa kuku. Aban hakuwahi kuandika. Wageni wanaandika, yeye yuko jikoni na tambi zake na mtindi wake mtamu. Nikimwambia, njoo uandike, anasema mwaka ujao, Kersasp, mikono yangu ina siagi. Alipokufa, Navroz ya kwanza nilikitoa kitambaa nikasoma majina. Wapo majirani. Yupo hata fundi wa gesi. Mwenye meza hayupo. Nikaona uchungu, nikachukua penseli. Sarosh akaingia, akaona, akasema, 'Baba, mama aliandika lini hili?' Uso wake uling'aa. Siku zote zile hakuwa amenyanyua uso. Ningesema nini? Nikasema, mwaka jana."

"Na hukumwambia tena?"

"Ningemwambiaje? Kila Navroz anakitoa kabatini na kuibusu ile pembe."

Kitu kilianguka ngazini. Wote wawili waligeuka. Sarosh alikuwa amesimama nyuma ya Armaiti, koti la kliniki bado mwilini, mfuko wa makomamanga umemponyoka na matunda yanabingirika ngazi moja baada ya nyingine. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Miaka sita," alisema taratibu. "Miaka sita nabusu mwandiko wako, Baba?"

"Nilikuwa nakuona," Mzee alisema kwa aibu. "Nilikuwa naona haya mpaka masikioni."

Sarosh aliinua mkono akajifunika macho. Halafu kicheko kikamtoka, kile kinachoanzia tumboni, akaingia na kumkumbatia baba yake mpaka miwani ikakatika uzi. Alipomwachia, alimgeukia Armaiti.

"Na wewe. Siku tisa! Nilidhani umenikinai."

"Nilidhani ukijua utanichukia."

"Ningekasirika," alisema. "Ningekasirika siku mbili, tatu. Lakini ungekuwepo, tungegombana, tukapatana. Usinifanyie tena hivi, Armi. Kosa nitalivumilia. Kunyamaziwa siwezi."

"Sitarudia," Armaiti alisema, na alihisi pumzi ikimshuka mpaka miguuni, kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa.

Kwenye droo ya jikoni walilipata daftari la mapishi la Aban, lenye madoa ya samli. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika jina lake, kwa haraka, kwa mkono uliolegea wa mtu mwenye sufuria jikoni. Armaiti alilinakili juu ya karatasi, akalihamishia kwenye ile pembe nyeupe, na usiku wa tatu uzi mwekundu uliishia kwenye herufi ya mwisho.

Asubuhi ya Navroz alifika mapema, amevaa sari ya bibi yake ya zambarau. Yeye na Sarosh walikitandaza kitambaa, kila mmoja akivuta upande wake. Wakapanga kioo, mshumaa, ngano iliyochipua, bakuli la samaki wa dhahabu, mayai yaliyotiwa rangi. Waridi zilikaa ndani ya buli lililovunjika mdomo. Mzee Kersasp alikuwa jikoni anapambana na tambi, akiimba vibaya.

"Armi," Sarosh alisema, akiunyoosha mkunjo ambao haukuwepo. "Bibi yako anakuja saa ngapi?"

"Saa tano. Amesema anakuja kusikia maneno aliyonyimwa Jumapili ile."

"Basi nikuulize wewe kwanza, nisije nikaaibika mbele ya lulu zake. Utaolewa na mimi?"

Armaiti alimwangalia, yale masikio yake yaliyochomoza yamekuwa mekundu kama uzi wa kudarizi.

"Nitaolewa na wewe. Lakini kupiga pasi mashati utajifunza. Pande zote mbili."

"Amekubali?" Mzee alipaza sauti kutoka jikoni. "Semeni upesi, tambi zinaungua!"

"Amekubali, Baba!"

"Basi njooni mnisaidie kukoroga," Mzee alisema, na walipofika mlangoni wakamkuta na mwiko mkononi, machozi na mvuke vimechanganyika usoni, amesimama lakini moyoni ameshaketi mezani, na njaa ya sikukuu imemrudia.