Gari Lililonyamaza Ghafla

Maiti ya Stanslaus Bujiku ilikaa wima nyuma ya usukani, tai shingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Gari lake dogo jeupe lilikuwa limegonga nguzo ya daraja, chini ya mteremko wa barabara iendayo Ushirombo. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Juni 1983.

Inspekta Eustace Sabiti alivua kofia. Alikuwa na tumbo la kuwatosha wawili na subira isiyomtosha hata mmoja.

"Alama za breki?"

"Za magurudumu ya nyuma tu, afande," alijibu Konstebo Paskalina. "Ya mbele hayakushika kabisa."

Inspekta akapenyeza kidole kwenye tundu la rimu. Sahani ya breki iliteleza. Akajaribu upande wa pili. Huko nako iliteleza.

"Mtu amepaka mafuta," alisema polepole. "Pande zote mbili."

Kufikia adhuhuri Shinyanga nzima ilikuwa imeshampata muuaji bila kuwasumbua polisi. Ni Akida, fundi wa magari wa Ngokolo. Alhamisi alikuwa amefunga pedi mpya za breki kwenye gari lile, na tangu hapo lilipiga yowe kila liliposimama. Akida alisikika akisema mbele ya wateja: "Dawa yake grisi."

Akatiwa mahabusu. Saa kumi, jamaa thelathini wa marehemu walikuwa wamekaa nje ya kituo na fimbo na mapanga. Walitoa neno moja tu: jua likizama, watamchukua wenyewe. Kisha wakanyamaza, na hilo ndilo lililomtisha Inspekta. Wapiga kelele huchoka. Nao mlango wa mahabusu aliujua vizuri. Siku alipopoteza ufunguo, aliufungua kwa kijiko.

"Ulipaka grisi kwenye breki?"

"Afande, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii," alisema Akida. "Grisi hupakwa mgongoni mwa pedi, kwenye bati, kidogo tu. Ukipaka usoni, panaposhika, umemchimbia mtu kaburi."

"Kwa hiyo ulipaka mgongoni."

"Sikupaka popote! Grisi yenyewe iko wapi? Tangu Aprili sijaiona dukani. Nilipiga pedi msasa, nikamwambia arudi Jumatatu, huenda nikabahatisha."

"Akasemaje?"

"Alichukia. Leo alikuwa anakwenda ukweni kujitambulisha."

Inspekta alitoka hadi uani, lilikokokotwa lile gari. Nzi walikuwa wamejazana kwenye magurudumu ya mbele kama wageni wa harusi.

"Paskalina, umewahi kumwona nzi akila grisi?"

"Hapana, afande."

Aligusa tena sahani ya breki, akanusa kidole chake. Akanusa tena. "Marehemu alilala wapi jana?"

"Kwa baba yake. Kilomita moja kabla ya daraja."

Walimkuta Mzee Bujiku peke yake kando ya zizi, kwenye kigoda. Wanawake walikuwa wakilia ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeshamnyonga yule fundi?"

"Bado. Mkokoteni wako ule, magurudumu yake hulia?"

"Haulii. Ninaupaka samli."

"Wapi?"

"Panapozunguka. Wapi tena?"

"Na gari la Stanslaus?"

Mzee alimtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa jambo la wazi. "Nalo nilipaka, alfajiri, kabla hajaamka. Lilikuwa likilia kama mbuzi anayechinjwa. Vijana hapa walimcheka jana. Nikasema, ng'wana wane, mwanangu, asichekwe mbele ya wakwe zake. Yeye mwenyewe alisema fundi kataka mafuta."

"Ulipaka chuma kile cha kuzunguka?"

"Chote. Kilikuwa kikavu."

Inspekta alichuchumaa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na haraka.

"Mzee, chuma kile hushikwa ili gari lisimame. Kikiteleza, halisimami."

Mzee Bujiku aliugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganjani, kisha nyuma. Halafu aliomba fimbo yake.

"Nipeleke kwa wale niliowatuma," alisema.

Jua lilikuwa limegusa mawe ya vilima walipofika kituoni. Jamaa walikuwa wamekwishasimama. Mzee aliteremka, akapita katikati yao hadi mlangoni, akageuka.

"Mwacheni fundi. Stanslaus nimemuua mimi. Kwa samli yangu."

Mpwa wake, aliyekuwa mbele na panga, alilishusha, asijue alitazamishe wapi.

Paskalina alifungua mahabusu. Akida alitoka akipepesa macho, akawaona watu, akaona mapanga. Kisha akamwona yule mzee, ambaye Inspekta alikuwa amemshika mkono kumwingiza kuandika maelezo.

Akida alisogea, akainama kidogo.

"Pole kwa msiba, baba," alisema.

Mzee alifungua kinywa amjibu. Akapepesuka, na ni fundi aliyemdaka.