Chai Kwenye Kisigino cha Shaba

"Mgonjwa anahamishwa saa tano. Usimguse."

Simu ikakatika. Praful, mkuu wake wa upelelezi kule Croydon, alikuwa mtu wa maneno machache. Marion akatazama Casio yake. Saa tano kasoro tatu.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa sanamu. Mvulana wa shaba, aliyesubiwa Florence miaka mia tano iliyopita, sasa kaanikwa nje kwenye bustani kando ya mto Thames, kila mpita njia amwone bure. Genge lililojifanya mafundi wa usafi lilitaka kumbeba na kuacha bandia.

Fundi wa kweli alikuwa mmoja tu: Jaswant, Singasinga wa Mombasa, mpakaji nta wa masanamu. Genge lilimlazimisha, naye akamtonya Marion. Miezi minne walikutana mtaani Hounslow, wakiongea Kiswahili cha nyumbani na kunywa chai ya tangawizi kutoka thermosi moja. Marion alimwahidi atamtoa salama. Aliahidi kwa mdomo wake, jamani.

Alama yao ilikuwa moja. Sanamu halisi Jaswant hakuipaka nta kisigino cha kulia. Maji yakitandaa pale, ndiyo yenyewe. Yakikimbia kwa matone, ni bandia.

Sasa mvua iko wapi? London hii, inayokunyeshea hata harusini, siku hiyo ilitoa jua la Turkana.

Wale mafundi wa uongo wakavua turubai walilomfunikia wakijidai kumsafisha. Mvulana alikuwa mahali pake, na ndani ya lori lao kulikuwa na kreti kubwa ya mbao. Nani kabaki, nani kapakiwa? Lori likizuiwa huku ndani mna bandia, genge litajua limechongewa, na Jaswant atauawa.

Marion akafungua thermosi. Akapita karibu, akajikwaa makusudi.

Chai ikamwagika kisiginoni. Ikakimbia kwa matone.

"Pole," akasema Jaswant, aliyesimama kando ya sanamu na kitambaa chake cha nta.

Lo! Lilimponyoka tu. Nani wa kwetu ataona mtu kajikwaa anyamaze? Lakini mmoja wa genge, mwanamume wa koti la kijivu mwenye bastola ya Glock kwapani, aligeuka taratibu. Akamtazama Jaswant, kisha akamtazama mwanamke aliyepewa pole kwa lugha isiyo ya pale. Marion akaomba radhi kwa Kiingereza, akashika njia.

"Halisi iko kwenye lori," akanong'ona redioni.

"Vizuri. Tunalizuia darajani," Praful akajibu.

Nyuma yake mlango wa Mercedes ya genge ulifunguka. Jaswant akasukumwa ndani.

"Praful, wanamchukua Jaswant. Niko hatua ishirini, nina bastola."

"Kwenye kamera naona watoto wa shule hapo. Usiguse."

"Basi lete gari limfuate."

"Watu wote wako darajani, Marion."

Watoto walikuwepo kweli, darasa zima, wakimchora mvulana bandia. Mercedes ikakata kona, Marion amesimama tu, mkono ndani ya koti.

Dakika kumi baadaye Praful alimwarifu kwamba lori limenaswa na sanamu haina hata mkwaruzo. Marion akauliza habari za Jaswant. Praful akamwambia aende nyumbani.

Akafunga thermosi tupu, akavaa miwani, akatembea polepole kama alivyofunzwa. Hakuna aliyemgeukia. Kituoni, akingoja basi, ndipo alipoijibu ile pole.

"Nishapoa, kaka," alisema, na hakukuwa na wa kumsikia.